Chupa mbili za dawa na macho yangu mawili

Umeme ulikatika saa nne na nusu usiku. Kitinda mimba wetu, wakati huo ana miaka mitatu, alikuwa anawaka homa tangu magharibi. Baba yake alikuwa safarini Pemba. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua kabati la jikoni na kutoa parasetamoli ya maji. Nikamimina kwenye kijiko, nikamwinua mtoto kichwa.

Binti yangu wa miaka 14 alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kumkandia mdogo wake.

"Mama, hiyo ya kaka."

"Ya kaka ipi? Lete hayo maji."

"Mama, imeandikwa mia mbili na hamsini."

Nyumbani tulikuwa na chupa mbili. Kopo moja, rangi moja, kifuniko kimoja. Ya mdogo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na ya kaka yake wa miaka tisa ina miligramu 250. Tofauti yote imo katika namba moja iliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa chembe ya ufuta. Niliisogeza chupa mbali mpaka mkono ukaisha, nikairudisha karibu, nikaisogeza tena. Sikuona kitu ila ukungu mweusi. Nilikuwa nimeichagua kwa kubahatisha, na sikumwambia mtu kwamba nimebahatisha.

Kijiko kilirudi kwenye sinia. Binti yangu akaitoa chupa nyingine, akapima yeye, akampa mdogo wake yeye. Mimi nikashika tochi.

Nawaandikia wazazi wenzangu wenye umri wangu, waliopita 40, kwa sababu najua wengi tunafanya niliyokuwa nikiyafanya. Nilikuwa naficha. Herufi za simu nilikwishazikuza mpaka ujumbe mmoja unajaa kioo kizima. Mtoto akiniletea karatasi ya skuli nasema, "Hebu nisomee, mikono yangu ina unga." Kuna siku alinijibu, "Mama, mbona leo hujapika mkate?" Mimi ni mwalimu. Madaftari ya wanafunzi nilikuwa nayasahihishia dirishani, kwenye jua, nikijidai napenda upepo.

Jambo lenyewe halina aibu yoyote. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo laini ambacho hujibonyeza na kunenepa kila tunapotazama kitu cha karibu. Miaka inavyokwenda kioo kile kinakuwa kigumu, na tukiingia miaka ya 40 hakijibonyezi tena vya kutosha. Humpata kila binadamu, aliyesoma na asiyesoma, na karoti hazisaidii. Dawa yake kwa watu wengi ni miwani ya kusomea, ile inayouzwa Darajani ikiwa imeshapangwa kwa namba. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kuliko wasiopewa, kwa tofauti ya karibu asilimia 22. Nikisoma habari kama hiyo huwafikiria mama zetu wanaoshona kofia barazani, tundu kwa tundu, na jinsi wengi wao wanavyoiacha kazi wakisema "macho yamekwisha." Macho hayajaisha.

Basi kama wewe hukuwahi kuvaa chochote na sasa unasogeza simu mbali, nenda kapimwe, pata miwani ya kusomea, na pengine habari yako imeishia hapo. Yangu ilikuwa na fundo la pili. Mimi sioni mbali tangu nina miaka 15. Namba yangu ni hasi 3.00 macho yote mawili, na tangu nilipotimiza 30 mchana huvaa lenzi za kuweka ndani ya macho, usiku miwani. Lenzi zile zinanipa mbali tu. Kila nilipozivaa nikamwona mwanafunzi wa dawati la mwisho vizuri, daftari lililo mkononi mwangu lilikuwa limepotea.

Wiki iliyofuata nilipanda boti kwenda Dar es Salaam, kwa yule mtaalamu wa kupima macho anayenipatia lenzi. Nilimweleza habari za chupa. Hakusema neno. Akanipa kadi yenye maandishi madogo, akaniambia, "Vua miwani. Soma."

Nikavua, nikaileta kadi karibu na uso. Nikasoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule wa herufi kama mayai ya chawa.

"Mwenye hasi 3," akasema, "bila kitu chochote machoni anaona safi mpaka sentimita 33. Usiku ule ulikuwa umevaa miwani ya mbali. Ungeivua tu, ungesoma."

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, maana miaka miwili nzima nilikuwa nimejificha nyuma ya miwani ambayo ndiyo iliyokuwa ikiniziba. Kama namba yako ni ya hasi kama yangu, jaribu leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Usiku, basi, ulikuwa umepata jawabu. Mchana bado. Akaniwekea njia tatu mezani. Ya kwanza, niendelee na lenzi zangu za mbali na juu yake nivae miwani ya kusomea ninapohitaji. Ya pili inaitwa monovisheni: jicho moja linapewa lenzi ya mbali, la pili linapewa ya karibu, na ubongo unajifunza kuchukua picha ya jicho linalofaa. Ya tatu ni lenzi za maltifokali, ambazo kila moja ina mbali na karibu ndani yake, duara ndani ya duara, kama mawimbi ya kijiwe kilichotupwa kisimani.

Ya kwanza niliikataa kwa sababu ambayo leo naiona ya kipuuzi. Mwalimu anayevaa na kuvua miwani mara mia kwa siku, nilijiambia, wanafunzi watamwita bibi. Mume wangu niliporudi aliniuliza, "Na wewe si utakuwa bibi siku moja, inshallah?" Sikumjibu. Ila kusema kweli ile ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa mfuko na kwa macho, na picha yake ndiyo safi kuliko zote. Asiyekuwa na sababu ya kuikimbia asiikimbie.

Nikaanza na monovisheni kwa sababu ilikuwa nafuu. Lenzi zake ni zile zile za kawaida, namba tu ndizo hubadilika. Kwanza hutafutwa jicho linaloongoza, kwa kuwa watu wengi wana jicho moja ambalo ubongo huliamini zaidi. Unaweza kujipima mwenyewe: nyoosha mikono, ukutanishe viganja ubakishe kitundu kidogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu kile kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo kitu hakikimbii likibaki wazi ndilo kiongozi. Mimi nilirudia kipimo hicho nyumbani, juu ya paa letu, nikatazama Minara Miwili ya kanisa katoliki. Jicho la kulia minara ilitulia. La kushoto iliruka nje ya kitundu.

Kwa hiyo kulia nikabaki na hasi 3.00 yangu, kushoto nikapunguziwa ikawa hasi 1.50, ili jicho hilo lione karibu. Mtaalamu alinikanya nisihukumu siku ya kwanza. Ubongo unataka wiki mbili, wengine zaidi.

Siku ya tatu nilisahihisha madaftari 40 bila kwenda dirishani. Nilisoma bei sokoni, nilisoma tarehe kwenye paketi ya maziwa, nilisoma ujumbe wa kikundi cha wazazi wa skuli wote mia mbili na kitu. Nilikaribia kumpigia yule bwana simu kumshukuru.

Siku ya tano nilimimina chai mezani.

Nilimimina kando ya kikombe, si mbali, upana wa kidole hivi, kwa mkono uliotulia kabisa. Watoto wakacheka, nami nikacheka. Mtu hupima umbali wa vitu vilivyo karibu kwa kulinganisha picha za macho mawili, na picha moja ikiwa na ukungu ulinganisho ule hudhoofika. Nilikuwa nimeambiwa. Nilidhani ni habari ya watu wa mpira na marubani.

Sisi tunaishi Mkunazini, ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe anajua ngazi zake: zimesimama wima, zina giza mchana kweupe, na hakuna vidato viwili vilivyo sawa. Kimoja kimeliwa katikati na nyayo za miaka mia, kinachofuata kimejazwa saruji juzi. Nimezipanda na kuzishuka tangu nilipoolewa, nikiwa na ndoo, na mimba, na magunia ya mchele. Miguu inazijua. Lakini miguu, kumbe, ilikuwa inasaidiwa na macho.

Siku ya tisa nilikuwa nashuka na kitinda mimba kiunoni, tumechelewa. Kidato cha nne kutoka chini nilikikanyaga mahali ambapo hakipo. Mguu uliteremka kwenye hewa. Bega langu ndilo lililotuokoa, nilijitupa ukutani, chokaa ikanichubua mkono kutoka bega hadi kiwiko, na mtoto akabaki kiunoni akiuliza, "Mama, tunacheza?"

Nilikaa pale kwenye kidato mpaka pumzi iliporudi. Sijui kama ubongo wangu ungezoea wiki ya tatu. Wapo waliozoea, nitamtaja mmoja. Lakini sikuwa tayari kuendelea na jaribio ambalo mtoto ndiye kipimo chake. Jioni ile nilirudia lenzi zangu za zamani.

Za maltifokali zilikuja kwa boti baada ya siku kumi na kitu. Bei yake ilinifanya nikae chini, na maji yake ya kuoshea hayako kila duka. Hizi hazifanyi kazi kama miwani yenye mstari, ambayo unashusha jicho kutafuta sehemu ya kusomea. Hapa picha ya mbali na ya karibu huingia jichoni pamoja, kwa wakati mmoja, na ubongo unachagua. Zangu zina karibu katikati na mbali pembeni, zipo zilizogeuzwa. Kwa kuwa kila jicho lina zote mbili, macho yanaendelea kushirikiana na kina cha vitu kinabaki karibu na kilivyokuwa.

Siku ya kwanza nilishuka ngazi peke yangu, mara tatu, mikono mitupu, kama mtoto anayejifunza. Vidato vilikuwa mahali pake.

Sasa niseme na ubaya wake, maana mauzo hayausemi. Herufi zina kivuli. Kivuli kidogo, kama chapa ya pili iliyosogea, hasa maandishi meupe juu ya kioo cheusi cha simu. Nilibadilisha simu ikawa nyeusi juu ya nyeupe, kikapungua. Mwanga ukiwa hafifu, mboni hutanuka na picha hulegea. Jikoni kwetu jioni ilibidi niweke taa ya nguvu zaidi juu ya meza. Na usiku kila taa ina shada. Nikitoka Forodhani baada ya isha, taa za wauza pweza na mishikaki zote zimevaa mashada kama maharusi. Kwangu ni pambo tu, kwa sababu siendeshi gari. Kazini nakwenda kwa daladala na narudi kabla ya alasiri.

Mdogo wangu ndiye anayeendesha. Yeye anaishi Fuoni na kazi yake ni ya zamu katika hoteli ya kaskazini ya kisiwa, anarudi usiku wa manane, barabara haina taa, na mbele yake kuna baiskeli zisizo na taa na gari za ng'ombe zisizo na chochote. Tulirithi macho mamoja kwa mama yetu, hasi kwa hasi, naye alijaribu maltifokali akanipigia simu kabla hajafika nyumbani: "Dada, gari ikija mbele yangu naona mwezi, sioni njia." Akaenda monovisheni. Nyumba yake ni ya chini, ngazi yake ni kizingiti. Chai aliimwaga wiki ya kwanza kama mimi, wiki ya tatu akaacha. Ndani ya gari anaweka miwani ambayo kioo chake cha kulia ni kitupu na cha kushoto kina namba ya kulirudisha jicho la karibu liwe la mbali. Akipanda gari anaivaa, akishuka anaivua. Yeye angelichukua lenzi zangu angegonga mtu, na mimi zake karibu zinitupe ngazini na mtoto.

Ndiyo maana watu wakiniuliza ipi bora huwauliza wao unapanda wapi, unaendesha saa ngapi, na jikoni kwako kuna taa gani. Muulize na mtaalamu wako kama atakupa za majaribio kabla hujalipa. Akikataa, mimi ningeondoka.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo kijikaratasi cha ndani ya boksi hakiyataji. Pilipili: vaa lenzi asubuhi kabla hujaikata, na zivue usiku baada ya kunawa kwa sabuni mara mbili, la sivyo utalia kama mfiwa. Moshi wa udi hukausha macho, na vilevile feni, na umri wenyewe nao hupunguza machozi. Udhu hauna tatizo, kwa kuwa ndani ya jicho hakuoshwi. Mimi hufumba macho barabara maji yanapofika usoni. Maji ndiyo jambo kubwa. Usioshe lenzi wala kikopo chake kwa maji ya bomba, wala ya kisima, wala ya chupa ya kunywa. Ndani ya maji kuna vijidudu ambavyo vikinasa kati ya lenzi na jicho vinaweza kukichimba kioo cha mbele cha jicho mpaka mtu akapoteza kuona. Baharini pia hapana. Watoto wetu wanaruka Forodhani jioni wakiniita, na mimi nakaa ukutani nikiwashikia nguo, au navaa miwani, naivua, naingia bila kuona. Usilale nazo. Jicho likiwa jekundu na linauma, vua, na usisubiri kesho. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha macho.

Tumeshafika mwaka sasa. Chupa za dawa nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito, namba kubwa ubavuni, 120 na 250, na haziko tena kabati moja. Miwani ya kusomea pia nilinunua Darajani, ya bei ndogo kabisa, kwa siku ambazo macho yamechoka. Wanafunzi hawakuniita bibi. Mmoja tu aliuliza kama naweza kumwazima ajaribu.

Mwezi uliopita kitinda mimba alipata homa tena, usiku, na umeme ulikuwepo lakini sikuwasha taa kubwa ili nisiwaamshe wengine. Lenzi zilikuwa ndani ya maji yake tangu saa tatu. Mkono wangu ulikwenda kwenye miwani kwa mazoea, nikauzuia, nikaiacha mezani. Nikaileta chupa karibu na uso, nikasoma herufi za kiwandani zenyewe, si zile nilizoandika mimi. Mia na ishirini.

Binti yangu alikuwa ameshaamka, amesimama mlangoni.

"Umesoma, mama?"

"Nimesoma."

Akanyoosha mkono. Nikampa chupa, akaisoma na yeye.